Bolti Kumi na Nne

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, Mama alikagua mifuko ya ovaroli yake. Kifuani tochi ndogo na kipande cha chaki ya manjano, kulia kitambaa safi, kushoto karanga za kumsukuma mpaka mchana. Baba, ambaye ni fundi cherehani na hufanyia kazi sebuleni kwetu, alikuwa akimtazama huku anatabasamu, kwa sababu ovaroli ile aliishona upya yeye. Ilitoka dukani na mikono mirefu na mabega ya mtu wa miraba minne. Mikono mirefu ni hatari mbele ya feni ya injini, basi Baba akaikata, akaipunguza, akaiongezea nafasi kiunoni.

"Aliyeshona hii," alisema siku ile, pini zikiwa mdomoni, "hakuwaza kama kuna mama wa mtu ataivaa."

Mama ni fundi wa injini. Katika gereji yake kulikuwa na mafundi saba, na mwanamke alikuwa yeye peke yake. Walimwita Fundi Mama. Mimi ni binti yake wa pekee. Wakati wa mambo haya nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mtaa mzima uliniita Chiriku kwa sababu ya mdomo wangu. Mwalimu wetu aliwahi kuandika kwenye ripoti yangu: "Ana akili, ila anaongea hata akiwa peke yake." Sikatai.

Likizo ile Baba alikuwa na rundo la sare za shule za kushona. Siku ya kwanza nilimuuliza maswali mpaka akashona mfuko wa shati mgongoni. Siku ya pili Mama akanichukua kwenda naye gereji. Alinipa sheria moja tu.

"Macho ruksa, mikono mfukoni. Umenielewa?"

"Na mdomo?"

"Mdomo wako, mwanangu, nani anauweza?"

Gereji ilikuwa jengo refu la mabati lenye sakafu ya saruji iliyokunywa mafuta mpaka ikawa nyeusi. Spana zilitundikwa ukutani kwa ukubwa, na nyuma ya kila spana kulichorwa umbo lake kwa rangi nyeupe, ili ikikosekana moja pengo lionekane mara moja. Mwenye gereji, mzee mwembamba tuliyemwita Bosi, hakuwahi kupaza sauti. Akikasirika alikuwa anavua miwani, akaifuta taratibu, na fundi aliyekosea akatamani ardhi ipasuke.

Rafiki yangu mkubwa pale alikuwa mjomba Bampa. Hakuwa mjomba wangu wa damu. Alikuwa fundi wa siku nyingi, na tumbo lake lilifika mahali kabla yake, ndiyo maana wakampa jina hilo. Alinipa peremende, akanitania, na Mama naye alimtania bila kumbakiza. Lakini mwezi ule utani wao ulikuwa umepungua kidogo. Mkuu wa mafundi alikuwa amestaafu, na Bosi alikuwa amesema wazi kuwa atakayeshika nafasi yake ni mmoja kati ya wawili: Bampa au Mama. Angeamua baada ya injini ya basi kukamilika.

Injini hiyo alipewa Mama. Ilikuwa imeshushwa kutoka kwenye basi kubwa la safari za mbali, ikafungwa juu ya stendi ya chuma katikati ya gereji. Mwenye Basi, mwanaume aliyevaa shati jeupe lisilowahi kukutana na grisi, hakufurahi alipomkuta Mama ameinama juu yake.

"Bosi," alisema bila kupunguza sauti, "gari langu linabeba watu sitini. Huyu dada ataziweza bolti hizi? Zinataka nguvu."

"Injini haijui aliyeishika ni nani," Bosi akajibu.

Mama hakuinua kichwa. "Nguvu ya bolti iko kwenye urefu wa mpini, kaka yangu," alisema. "Ukiwa na mpini mrefu hata Chiriku ataikaza." Mafundi wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Nilimpenda Mama sana dakika ile, mpaka kifua kikauma.

Kwa wiki mbili Mama aliamka mapema na kurudi amechoka. Baba alishika jiko. Wali wake uliungua chini kila siku, akasema ndiyo utamu wenyewe, tukala. Nyumba nzima ilikuwa inaisubiri injini ile.

Siku ya ukaguzi ikafika. Asubuhi nilimtazama Mama akikaza bolti kumi na nne za kichwa cha injini kwa ile spana ndefu inayolia "tak" bolti ikifika kipimo. Hakuzikaza kwa kufuatana. Alianza katikati, akaruka upande wa pili, akarudi, akaenda tena, kwa mpangilio alioujua yeye. Alizizungukia zote mara tatu. Katika mzunguko wa mwisho, kila "tak" ilipolia, alichomoa chaki na kuchora mstari mfupi juu ya bolti. Nilidhani anahesabu tu, kama vile mimi ninavyochora vijiti pembeni ya daftari la hesabu.

Alipomaliza akaifunika injini kwa kitambaa safi. "Navuka barabara kufuata gasketi ya mfuniko," akaniambia. "Mwenye Basi anakuja saa sita. Kaa hapo."

Nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikarudi nikakaa. Nikakaa tena. Mafundi wengine walikuwa wamekwenda nje kusukuma lori lililogoma kuwaka. Nikaamua kukitazama tu kile Mama alichokifanya, kwa kuwa macho yalikuwa ruksa. Nikakifunua kitambaa.

Injini ilikuwa inang'aa. Mama alikuwa ameiosha kila kona. Lakini juu ya bolti zote kulikuwa na michirizi ya manjano, kama ukuta wa darasa la kwanza. Nikamfikiria Mwenye Basi na shati lake jeupe. Nikamsikia akisema, "Unaona? Hata kufuta hajafuta." Nyumbani kwetu mgeni hakaribishwi kwenye meza yenye vumbi. Nikaona aibu kwa niaba ya Mama, na bila kufikiri mara ya pili nikachovya kitambaa kwenye mkebe wa dizeli, nikafuta bolti moja moja. Nilizihesabu: kumi na nne. Nikaifunika injini nikiwa na furaha ya mtu aliyetenda wema kwa siri.

Saa sita Mwenye Basi akafika. Bosi akaja, Bampa akaja akijifuta jasho, na Mama akasimama pembeni ya kazi yake, mgongo umenyooka. Nilimsogelea, nikisubiri asifiwe.

Bosi akaondoa kitambaa. Akainama. Akazunguka upande wa pili, akainama tena. Kisha akavua miwani, akaanza kuifuta.

"Fundi Mama," alisema, "alama ziko wapi?"

Mama akasogea. Nikaona uso wake ukibadilika. "Nimeweka, Bosi. Nimekaza zote, nimeweka alama zote."

"Sioni hata moja."

"Alama gani?" Mwenye Basi akauliza.

Bosi akamweleza, na ndipo mimi nami nikaelewa. "Hapa kwetu, fundi akimaliza kukaza bolti kwa kipimo, anaichora chaki palepale. Mtu anaweza kuitwa, au simu ikalia, akarudi akidhani amekaza zote kumbe moja bado. Bolti moja ikilegea, injini inakufa njiani na watu ndani. Kwa hiyo bolti isiyo na alama tunaihesabu haijakazwa, hata fundi akiapa."

"Basi hakukaza," alisema Mwenye Basi. "Nilisema mimi. Sitaki kubishana na mtu. Naomba fundi mwingine aifunge."

"Nilikaza," alisema Mama. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea.

Huo ndio ulikuwa wakati wangu wa kusema. Mimi, Chiriku, niliyewahi kumsimulia muuza maji habari za ukoo wetu wote akiwa na ndoo kichwani. Nikafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Niliona miwani mkononi mwa Bosi, nikaona macho ya Mwenye Basi, nikaogopa. Nikamtazama mjomba Bampa aniokoe kwa utani wowote, lakini yeye alikuwa anatazama viatu vyake.

Bosi akaifunika tena injini, akasema, "Kesho asubuhi Bampa atazilegeza zote, aanze upya. Samahani, Fundi Mama. Sheria ni sheria."

Mama akaitundika spana mahali pake ukutani. Tukatembea mpaka nyumbani, na kwa mara ya kwanza njia ile niliiona ndefu.

Jioni Baba alitupakulia maharage. Mama alikuwa bado ananawa mikono uani kwa sabuni ya unga na sukari, ndiyo dawa ya grisi. Alisugua muda mrefu kuliko grisi iliyokuwepo. Alipokaa mezani hakula. Aliviweka viganja vyake mbele yake akavitazama.

"Baba Chiriku," alisema polepole, "miaka tisa sijawahi kusahau alama. Naiona kabisa chaki mkononi mwangu. Lakini labda naota. Labda nimechoka, nimesahau kweli. Na kama nimesahau alama, nitajuaje kama sikusahau kukaza?"

"Mke wangu, usiseme hivyo."

"Labda wasemayo ni kweli. Labda kazi hii imenizidi."

Ningeweza kuvumilia kuchapwa. Ningeweza kuvumilia Mama akipiga kelele. Lakini kumwona akiitilia shaka mikono yake, mikono ile iliyotulisha na kunisomesha, kwa sababu mimi nimenyamaza, hilo lilinishinda. Nikalia kwa nguvu mpaka Baba akaangusha mwiko.

"Ni mimi!" nikasema. "Nilizifuta mimi, Mama. Kwa dizeli. Nilitaka injini yako ipendeze. Zilikuwepo zote kumi na nne, nilizihesabu!"

Mama aliniangalia. Nilisubiri radi. Badala yake akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, na uso wake ukafunguka.

"Kwa hiyo niliziweka," alisema. "Sikusahau. Baba Chiriku, umesikia? Sikusahau!" Akacheka huku machozi yanamtoka, akapiga meza, maharage yakaruka. Kisha akafumbua macho, kicheko kikaisha. "Na wewe, njoo hapa."

Nilikwenda. Alinishika mabega.

"Kugusa umekosea, lakini hilo ni kosa la mtoto. Kunyamaza huku unaniona nasimangwa, hilo ni kosa kubwa. Unalijua?"

"Nalijua, Mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu ulipofungua mdomo."

Baba akawa tayari ameanza kuvaa viatu. "Naenda kwa Bosi sasa hivi nimweleze."

"Kaa chini, mume wangu," Mama akamwambia kwa upole. "Ukienda wewe, kesho watasema mume wake amekuja kumwombea kazi. Na nikisema mimi, watasema najitetea. Waliosikia kwamba sikukaza ni watu watatu. Aliyefuta ndiye atakayewaambia."

Asubuhi Baba alininywesha chai ya moto, akanifunga vifungo vya shati kana kwamba bado nasoma chekechea. "Piga moyo konde," akaninong'oneza. "Ukianza kusema tu, mengine yatafuata yenyewe. Mdomo unao."

Tulipofika, Bampa alikuwa ameshaishika ile spana ndefu. Bosi alikuwepo, na Mwenye Basi naye alikuwa amekuja kuhakikisha. Niliwaamkia wote. Shikamoo yangu ilitetemeka. Kisha nikasema yote, bila kuruka: kitambaa, dizeli, bolti kumi na nne, na jinsi nilivyonyamaza. Mafundi walikuwa wameacha kazi kunisikiliza. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani maneno yangu yaishe.

Mwenye Basi akatikisa kichwa. "Mtoto mzuri," alisema. "Lakini tuwe wakweli. Mtoto huyu amefundishwa nyumbani aje amwokoe mama yake."

Nikahisi kama nimepigwa kofi. Nilikuwa nimesema kweli na haikutosha. Nikamtazama Mama. Alikuwa amesimama wima, macho kwenye injini yake.

Ndipo mjomba Bampa akaiweka spana chini. Aliiweka taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Hajafundishwa," alisema. "Zilikuwepo. Mimi niliziona."

Wote wakamgeukia.

"Jana nilipitia hapa kabla hatujatoka kusukuma lori, mtoto akiwa amemsindikiza mama yake mlangoni," akaendelea, bila kumtazama mtu. "Nilifunua kitambaa. Nilitaka nione kama amekosea mahali. Hakuwa amekosea. Mistari yote kumi na nne, ya manjano, imenyooka. Nikafunika, nikaondoka."

Bosi akavua miwani. "Na saa sita, wakati namuuliza, mdomo wako ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa unakitaka cheo, Bosi," alisema Bampa. "Sikusema uongo. Nilinyamaza tu, nikajiambia si mimi niliyefuta. Lakini jana sikula, na nyinyi mnanijua, mimi kukosa kula si jambo dogo. Huyu mtoto ametetemeka hapa mbele yetu akasema. Mimi mtu mzima na tumbo lote hili ninyamaze?" Akamgeukia Mama. "Fundi Mama, nimekukosea. Nisamehe."

Mama alichukua muda kumjibu. Nilifurahi kwamba alichukua muda. "Umeniumiza, Bampa," alisema. "Miaka tisa tunakula karanga mfuko mmoja. Lakini umesema, na nimesikia."

Mwenye Basi akajikohoza. "Sasa nani anakaza?"

"Bolti haina alama, haijakazwa," alisema Bosi akivaa miwani. "Zinalegezwa zote. Na atakayezikaza ni mwenye kazi yake."

Mama akavaa glavu. Bampa akamshikia taa. Alikuwa anataja namba, "Ya kwanza! Ya pili!" kwa sauti ya mnadani, na kila "tak" ilipolia Mama alichora mstari, na Mwenye Basi alikuwa anainama kuutazama. Mpaka bolti ya nane, shati lake jeupe lilikuwa na doa jeusi kwenye mkono, wala hakuliona. Alikuwa ameanza kuuliza maswali: kwa nini anaanzia katikati, kwa nini mizunguko mitatu. Mama alimjibu kama mwalimu. "Ukianzia pembeni, kichwa kinakaa upande. Ni kama kufunga kifuniko cha kopo kwa haraka, kinapanda kombo."

Mimi nilipewa adhabu: kuosha spana zote za ukutani, kubwa mpaka ndogo, kwa wiki nzima. Niliziosha. Hakuna saizi ya spana ambayo siijui leo.

Injini ikafungwa mfuniko wake, ikarudishwa tumboni mwa basi, na siku ya pili yake mchana ikawashwa. Iliunguruma mara moja, ikatulia, ikaendelea kuimba bila kukohoa. Mafundi wakapiga makofi. Mwenye Basi akazunguka gari lake mara mbili, akasikiliza, kisha akatoa simu mfukoni.

"Likinizimikia njiani," akauliza, "nimpigie nani?"

Bosi alifungua mdomo, lakini Bampa alimuwahi. "Mpigie Mkuu wetu wa mafundi," alisema, akamnyooshea Mama kidole chenye grisi. "Namba yake ninayo, andika."

"Bampa, sijatangaza bado," alisema Bosi.

"Basi tangaza, Bosi, mwenzio anasubiri namba."

Bosi akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka. Akatangaza palepale, basi likiwa linaunguruma, na Baba, aliyekuwa ameacha sare zake aje kuona, akapiga kelele kuliko injini.

Jioni tulikaa uani, Mama na mimi, akinawa mikono yake kwa sabuni na sukari, mimi nikimmiminia maji. Nilikuwa na swali. Nikamuuliza kama kazi ya ukuu itakuwa ngumu.

"Kazi si ngumu," alisema. "Kazi naijua. Nikwambie kilichokuwa kigumu? Watu wengi wananipenda, Chiriku. Wananipigia makofi, wananiita shujaa, na makofi ni mazuri, nayapokea. Lakini siku ile nilipoambiwa sikukaza, sikuhitaji makofi. Nilihitaji mtu mmoja aliyeiona kazi yangu aseme alichokiona. Walikuwepo wawili, tena wote wananipenda, na wote walinyamaza."

Nikainamisha kichwa. Akanipiga kidogo begani kwa mkono wa maji.

"Utakua, utaingia kazini. Utamkuta mwanamke yuko peke yake katikati ya wanaume, au mtu yeyote aliye peke yake. Si lazima umbebe. Ukiiona kazi yake ni njema, sema. Akisingiziwa na wewe unajua, sema."

"Nitasema, Mama."

"Siku hiyohiyo," alisema. "Usingoje kesho. Usiku ule mmoja, mwanangu, nilikaribia kuiacha kazi."